Nani Mwingine Aliwashiwa Sigara Dukani?

Leo baba yangu ameniaibisha mbele ya binti yangu!

Alimtuma dukani sigara moja. Mtoto akarudi mikono mitupu, na nyuma yake Mama Awino mwenye duka, amefura.

"Mzee, kumuuzia mtoto sigara siku hizi ni jela!"

Baba akashangaa kweli. "Na huyu mamake, miaka ya tisini, si ulikuwa unamuuzia na kumwashia kabisa?"

Jamani, kiberiti cha nyumbani kilikuwa cha kupikia tu. Ilibidi niivute sigara ya baba ngazi zote hadi orofa ya nne, isizime.

Mama Awino akaangalia dari.

Binti yangu, niliyemhubiria jana kuhusu sigara, akaniangalia mimi.

"Mum, kumbe ulianza ukiwa na miaka mingapi?"

Watu wa Kayole, nijibuje? Nilikuwa na saba.