Mashimo Ambayo Kompyuta Haikuyaona

Glodie Ngoy alizaliwa Kasulo, mtaa ambao watu walichimba kobalti hadi chini ya vitanda vyao. Shimo la baba yake lilianzia jikoni. Mawe ya shimo hilo ndiyo yaliyomsomesha, akawa fundi wa hesabu za mtetemo katika ofisi ya wahandisi mjini Kolwezi.

Mwaka jana kampuni moja ya mgodi ilitaka kufunga feni kubwa ya kupeleka hewa chini ya ardhi, karibu na mtaa. Ofisi ya kina Glodie ikapewa kazi ya kuiga kwenye kompyuta mngurumo wake: ule mzito, ambao sikio halisikii vizuri lakini kifua na kuta vinausikia.

Glodie alipofungua faili, akakuta mkubwa wake, Gracien, ameandika kwamba ardhi ya Kasulo haina uwazi wowote.

"Shefu, kule chini iko mashimo matupu. Mi nilikomalia juu yake, toka utoto."

"Uko na karte ya mashimo?"

"Nani angeichora? Batu walichimba kwa kujificha."

"Basi hayako. Tia sahihi, rapport inatoka lundi."

Akapiga hesabu, akatia sahihi kabla ya Jumatatu hiyo. Ripoti ikasema nyumba hazitadhurika.

Feni ikawashwa mwezi wa sita. Kwa mama yake, Honorine, sahani zikaanza kucheza mezani, masikio yakaziba, kichwa hakikupoa. Ukuta ukapasuka. Kisha asubuhi moja sakafu ya jikoni, iliyofunika shimo la baba, ikazama yote, pamoja na mbabula iliyokuwa na makaa. Mama alikuwa uani akianua nguo. Angekuwa anasonga ugali, wangemzika bila mwili.

Glodie hakulia. Alikasirika, akachukua daftari. Siku tatu alipita nyumba kwa nyumba, kila mwenye nyumba akimwonyesha alikochimba, naye akachora. Akarudia hesabu kwa ardhi yenye mashimo: mtetemo ukatoka mara nne ya ule wa kwanza. Akaibwaga ramani mezani kwa Gracien.

"Karte njo hii!"

"Nani alikutuma?"

Glodie akaikunja ramani yake, akatoka nayo. Jumapili, katika ukumbi wa parokia, mjumbe wa kampuni alikuwa akiwaeleza wakazi kwamba kompyuta imethibitisha usalama. Glodie akasimama.

"Hesabu zile, mi njo nilizifanya. Ni za uongo, na nilijua."

Ukumbi ukalipuka. Mama Honorine, aliyekaa mstari wa mbele, alimtazama bintiye kama mgeni. Kesho yake wakazi walikaa getini pa mgodi wakazuia malori, na siku ya tatu feni ikazimwa.

Glodie alifukuzwa kazi. Gracien bado yuko kwenye kiti chake, na sasa kampuni inasema feni itawashwa tena, baada ya hesabu mpya ambazo haimwonyeshi mtu. Kila Jumatatu Glodie huenda getini kuzidai. Mlinzi humwambia, "Mama, rudi kesho."

"Sirudi kesho, nabaki hapa," humjibu, kisha hujibanza palepale kwenye lango, malori yakimpigia honi.