Mama Karafuu na Gego la Muda

Kitambulisho chake cha kazi kinasema aliajiriwa tarehe 4 Mei 1998. Tangu hapo, msaidizi huyu wa kliniki ya meno amekoroga dawa za kujazia mizizi chini ya madaktari saba, na harufu ya mafuta ya karafuu imemganda vidoleni hata wagonjwa wanamwita Mama Karafuu.

Daktari wa nane alikuwa na wiki mbili tu hapo. Jumatatu alimlaza kitini binti wa miaka sita, gego la chini limeoza hadi mizizini.

"Ling'oeni tu," alisema mama mtu. "Si la utotoni hilo?"

"Likitoka sasa, meno jirani yatasogea, la ukubwani likose njia. Bado lina miaka minne ya kazi," alijibu daktari.

Alisafisha mizizi, akaikausha, kisha akamnyooshea msaidizi wake mkono bila kugeuka. "Vijiti vya mpira, mama."

Mkono ulibaki mtupu. Vijiti hivyo huziba mizizi ya watu wazima, na huko alikotoka daktari hakuwa akitibu watoto. Mazoea yana tabu.

Mama Karafuu habishani mbele ya mgonjwa. Alisogeza picha ya eksirei kwenye taa, akaweka kidole chini ya mizizi, penye kivuli cha jino changa.

"Mwenye nyumba yuko njiani, daktari," alisema taratibu. "Mizizi hii itayeyuka kumpisha. Na mpira je?"

Daktari aliitazama picha. Masikio yake yakawaka moto.

"Hauyeyuki. Ningemzibia mtu mlango."

"Ungemzibia, na mimi ndiye ningekukabidhi kufuli."

"Haya, nipe uji wako, mama."

Mama Karafuu alikoroga unga wa zinki na mafuta ya karafuu juu ya kioo, kidogo kidogo, kisha akainua mwiko mdogo wa chuma. Uzi mwembamba wa uji ukanyooka bila kukatika. Hicho ndicho kipimo chake: uji mzito haufiki chini, mwepesi mno hufurika. Daktari alijaza, wakapiga picha nyingine. Dawa ilikuwa imeishia karibu na ncha za mizizi, haikuvuka.

Binti alifunga mdomo, akauonja.

"Mdomo wangu unanukia kama wewe."

"Basi una bahati," alijibu Mama Karafuu, akifuta kioo.

Baada ya miezi sita binti atarudi kupigwa picha, na Mama Karafuu ndiye atakayeiweka kwenye taa.