Mbwa Aliyekataa Kushuka

Mbwa wa kwanza aliishi siku kumi na moja. Mama Marcelline Cibalonza alimkuta asubuhi nyuma ya nyumba, pale chini kwenye jiko, amelala ubavu, miguu imenyooka, mdomo umefungwa. Hakuwa na kidonda wala povu. Manyoya yake yalikuwa na umande, na hapakuwa na hata inzi mmoja juu yake. Jambo la inzi ndilo lililomkaa rohoni, kwa kuwa tangu ahamie Mugunga inzi walikuwa wakimfuata mpaka ndani ya sahani.

Wa pili aliishi siku sita. Alimkuta palepale.

Mama Marcelline alikuwa na miaka sitini na mmoja, mtu wa kabila la Bashi kutoka Kabare, aliyeletwa Goma na ndoa. Maisha yake yote ya Goma alikuwa amefuma triko, sweta za wanafunzi, kwa mashini ya mkono, na kelele ya mashini ile, kra-kra, kra-kra, kutwa nzima miaka thelathini, ndiyo iliyomla masikio. Walipoishi mtaa wa Murara halikuwa neno. Mume wake Akonkwa alisikia kwa niaba yao wote wawili. Kisha Akonkwa akafariki, nyumba waliyopanga ikauzwa, na mjane akahamia kwenye kiwanja ambacho marehemu alikuwa amekinunua zamani upande wa Mugunga. Akasimamisha nyumba ya mbao ya vyumba viwili juu ya mawe ya volkeno. Akawa peke yake na masikio mabovu, katika miaka ya vita ambayo mtu wa Goma anahitaji kusikia kila kitu.

Ndiyo maana alitaka mbwa, tena mdogo. Wa kulala miguuni pake, wa kushiba makombo, wa kumwamsha, mtu akisimama mlangoni. Wale wawili aliwanunua mtaa wa Birere kwa mtu aliyekuwa akiwauza ndani ya katoni, wote wakitetemeka, wote na matumbo makubwa.

Kiwanja chenyewe kilishuka kwa nyuma. Huko mawe yalikuwa yameporomoka zamani na kuacha shimo pana kama chumba, ngazi nne kwenda chini, na kwenye sakafu yake ufa mwembamba ambao usingepitisha zaidi ya vidole. Upepo haukufika mle, kwa hiyo Mama Marcelline aliona pafaa kupikia. Kila asubuhi alishuka na kiti chake kifupi na mbabula yake, jiko la makaa. Siku nyingine moto ulikubali. Siku nyingine makaa yaliyokuwa mekundu juu yalififia mara tu alipoyafikisha chini, yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji, na yeye akamlaani muuza makaa. Siku hizo hasa alipanda ngazi kichwa kizito na moyo ukimdunda, akasema ni uzee.

Jirani yake, Mama Héritière, alimwona akimzika mbwa wa pili, akaja mpaka kwenye uzio.

"Mama Marcelline, sasa ni mbili. Tena pahali pamoja."

"Zilikuwa na ugonjwa. Ule mutu wa Birere ananiuzishia imbwa za kufa."

"Na mijusi nayo ilitoka Birere?" Héritière alinyoosha kidole. Kando ya ufa mijusi mitatu ilikuwa imelala chali, matumbo meupe juu. "Mimi nitakuambia kweli. Kuko mutu pale chini. Ule mwenye aliuzishia papa Akonkwa hii kiwanja, unajua alienda wapi? Hakuna mwenye anajua."

Mama Marcelline alinyunyiza maji ya baraka kwenye ngazi zote nne. Lakini tangu siku ile alianza kuangalia, na alichokiona hakikumpendeza. Ndege walitua kwenye bati, walitua kwenye uzio, walitua hata kwenye kamba ya nguo juu ya kichwa chake. Mle shimoni hawakutua. Majani ya pembeni yalikuwa ya kijani mpaka usawa fulani, kisha yakawa ya kahawia, kana kwamba mtu alipitisha rula na kuchora mstari kuzunguka shimo zima.

Aling'ang'ania lile la ugonjwa, kwa kuwa ndilo lililokuwa na dawa. Mteja wake mmoja alikuwa amemtajia muzee wa mtaa wa Ndosho anayefuga mbwa wadogo vizuri, na kuwachukua wale walioachwa na wenyewe. Jumatano moja akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda.

Muzee Havugimana alikuwa mrefu, mkavu, na buti za mpira miguuni. Alikuwa amekuwa muganga wa mifugo Rutshuru miaka mingi. Ng'ombe walibaki huko, yeye akakimbia vita na mkoba wa sindano, na sasa wagonjwa wake walikuwa wa kukaa mapajani. Ua wake ulinuka dawa ya kuoshea. Alimwonyesha mbwa jike mweupe akinyonyesha watoto wanne.

"Mama yao ni huyu. Angalia meno, angalia macho. Baba yao iko kwa jirani, na si ndugu yake. Watoto wako na wiki tano. Haitoki hapa hata mumoja mbele ya miezi mbili na sindano zake."

"Birere wanauzisha hata ya wiki tatu."

"Na zinafika wapi?"

Mama Marcelline akapata jibu lake. Basi ni hivyo tu: walikuwa wachanga mno, na wagonjwa. Hapakuwa na mtu shimoni.

"Ulishakuwa na imbwa, mama?" muzee akauliza.

"Hapana."

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Muzee alimtazama kidogo, kisha akaendelea na maswali yake, na maswali yenyewe yalikuwa ya ajabu. Anaishi wapi? Mugunga. Upande wa ziwa au wa barabara? Analala juu ya kitanda au chini? Katika kiwanja kuna pahali pa chini, shimo, mtaro?

"Mbona unaniuliza vile, muzee? Nimekuja kutafuta imbwa."

Havugimana aliinama, akaweka kiganja chake chini ya goti lake. "Imbwa ya namna hii, pua yake iko hapa. Wewe pua yako iko huko juu. Munaishi nyumba moja lakini hamuvute pumuzi moja. Mimi sitoe imbwa kama sijaona pahali itakaa. Nitakuja asubuhi mapema, siku haina upepo."

Pembeni mwa ua kulikuwa na mbwa mwingine, jike mzima, mdogo, mweupe mwenye sikio moja la kahawia. Wengine wote walibweka, yeye hakubweka. Muzee alisema anaitwa Zaza. Familia yake ilivuka mpaka wa nchi ile siku mabunduki yaliingia muji, ikamwacha kwenye kikapu mlangoni pa muzee. Alikuwa amewapata kwa simu, na walimwomba amtafutie mtu mwema.

Zaza alimkaribia mgeni polepole. Alinusa ncha ya kitenge chake, akanusa viatu, akanusa tena kitenge, kwa muda mrefu mno. Kisha akarudi nyuma bila kugeuka, hatua kwa hatua, akimtazama, mpaka makalio yake yakagusa ukuta.

"Mugunga pahali gani, ulisema?" muzee aliuliza tena, akimsogelea.

Alikuja Ijumaa, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Ziwa lilikuwa limetulia kama kitambaa kilichopigwa pasi, na moshi wa majiko ya jirani ulipanda wima. Alikuwa na Zaza kwenye kamba, na mfukoni mshumaa. Mama Marcelline aliwaonyesha chumba cha mbele, kitanda, mlango, komeo. Muzee aliitikia kila kitu kwa kichwa. Walipozunguka nyuma ya nyumba, kamba ikakaza.

Zaza alikuwa amesimama ngazi ya kwanza. Manyoya ya mgongo yalikuwa yamesimama mpaka mkiani. Hakunguruma. Alitazama chini shimoni jinsi mbwa anavyomtazama mtu anayepanda kuja kwake, macho yakisogea taratibu, kutoka sakafu hadi ngazi ya chini, kutoka ngazi ya chini hadi ya pili. Mama Marcelline alitazama palepale. Hapakuwa na kitu. Palimetameta tu, kama hewa ya juu ya sufuria inayochemka, isipokuwa palikuwa pa baridi.

"Mama," muzee alisema bila kumgeukia, "imbwa zilikufa hapa ngapi?"

Akamwambia. Mbili. Akamwambia na mijusi, na makaa yanayozimika, na kichwa kinachouma. Alipokwisha kusema alikuwa analia, na hakujua kama ni kwa aibu ya uongo au kwa woga.

Havugimana hakumkaripia. Aliwasha mshumaa, akausimamisha ndani ya kopo, akafunga kopo kwa kamba ya Zaza, akaliteremsha. Moto ulikaa wima ukipita ngazi ya kwanza. Ulikaa ukipita ya pili. Kwenye ya tatu ulijinyoosha, ukawa mwembamba, ukaachana na utambi, na kwa kitambo kidogo ulielea peke yake hewani kabla ya kutoweka. Moshi wake haukupanda. Ulijilaza, ukaenea kwa usawa, ukionyesha mahali ambapo kitu kile kilikuwa kinaishia: usawa uleule wa majani ya kahawia.

Alivuta kopo, akawasha tena. Ukazimika palepale. Mara ya tatu, palepale.

"Mazuku," alisema.

Neno hilo Mama Marcelline alilijua, kama kila mtu wa Goma: ule upepo mbaya unaotoka ardhini, usio na harufu wala rangi, unaoua mbuzi na watoto asubuhi tulivu. Lakini kwake mazuku ilikuwa kitu cha kule mabondeni kando ya ziwa, penye vibao vya kuonya. Hakuwahi kuwaza kwamba ingekaa ndani ya uzio wake, kati ya sufuria zake, ikimngoja kila asubuhi ashuke. Aliangalia kiti chake kifupi, kilichobaki chini tangu jana. Alipima kwa macho: akikaa pale, mstari ungempita kidevuni.

"Ningeinama kupuliza makaa," alisema.

"Ndiyo. Mara moja tu, siku mubaya."

Hakupata mbwa siku ile. Muzee alimpa kazi badala yake. Jiko lihame upande wa juu, mbele ya nyumba. Shimo lizungushiwe ukuta wa mawe mpaka kifuani, bila mlango. Kitanda kiinuliwe kwa matofali. Mama Marcelline alifanya yote. Wafumaji wenzake wa parokia walikuja kubeba mawe, na Mama Héritière, aliyekuwa wa kwanza kusema kuna mtu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba. Kwake pia walishusha mshumaa, kwenye kona aliyolaza kuku. Ulizimika. Kuku wakahamishwa siku hiyohiyo.

Wiki ya nne muzee alirudi, akapitisha mshumaa chumba kwa chumba, akipiga magoti kama mtu anayesali, mpaka chini ya kitanda. Haukutikisika. Ndipo alipofungua kikapu, Zaza akatoka.

"Lakini ile midogo iko tayari sasa," alisema. "Ukitaka mutoto, chagula."

"Nataka huyu," alisema Mama Marcelline. "Huyu anajua."

Zaza akakaa. Alikula alichopewa, akalala miguuni, na mtu akifika mlangoni alimgusa Mama Marcelline mkononi kwa pua, bila kelele. Alikuwa mzima, na carnet yake, kijitabu cha sindano, ilitundikwa ukutani karibu na picha ya Akonkwa. Asubuhi zisizo na upepo alikataa kutoka nje mpaka ziwa lianze kupumua, na Mama Marcelline alimngoja, akifuma.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakumwambia mtu. Mgeni alipoingia, Zaza alimtazama, akamnusa, akamkubali. Kisha aliinua macho na kutazama nyuma ya mgeni, mlangoni, na kumfuata kwa macho mtu wa pili, asiyeonekana, mpaka akae.

Mwezi wa tatu tangu Zaza aje, simu ililia. Sauti ya mwanamke, kutoka Kampala, ilijitambulisha: Umuhoza, mwenye Zaza wa zamani. Muzee alikuwa amempa namba. Alitaka tu kujua kama anakula. Mama Marcelline alibana simu sikioni, akamwambia anakula, ananenepa, ameokoa watu.

Umuhoza akashukuru. "Muzee aliniambia ya shimo. Hata sisi, mama. Tulikuwa Bulengo. Tulikuwa na mulinzi, Twizeyimana, mutu muzuri sana. Asubuhi moja alishuka kwa mutaro kuchukua ndoo. Zaza alikuwa naye, akabaki juu. Zaza alirudi peke yake, akatuvuta kwa nguo. Tulichelewa."

"Pole, mwanangu."

"Tangu siku ile ana desturi moja. Mutu akiingia, anaangalia nyuma yake. Bado anafanya?"

Mama Marcelline alimtazama mbwa kitandani. Zaza naye alimtazama, macho meusi, matulivu.

"Bado," alisema.

"Sisi tulizoea. Tulikuwa tunaacha mulango wazi kidogo, huyo wa nyuma aingie, kisha tunafunga."

Waliagana. Baadaye, mchana, Mama Héritière alikuja kuomba chumvi. Zaza alimnusa, akatikisa mkia, akainua macho. Mama Marcelline alikwenda mlangoni. Hakuona mtu, na barabarani hapakuwa na upepo wala anayepita. Alishika komeo, akahesabu polepole mpaka tano, kisha akafunga, akaenda kumtafutia jirani yake chumvi.