Mtoto Niliyemwacha Neptuni

Boga ndilo lilikuwa jua. Nililichuma shambani kwangu hapa Yamumbi nikalibeba ndani ya kiroba hadi shuleni, na walimu wenzangu wakaniuliza kama nimekuja kufundisha au kufungua hoteli. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimechoshwa na ule mchoro wa kitabuni unaopanga sayari kama sufuria kwenye rafu, hadi mtoto anadhani ukitoka Dunia utafika Neptuni kabla chai haijapoa. Chombo kilichopita huko kilisafiri miaka kumi na miwili. Nilitaka wanafunzi wangu waujue umbali huo kwa miguu yao.

Tukapiga hesabu, mimi na gredi ya sita. Boga likikaa langoni, Dunia inakuwa punje ya wimbi, hatua zangu ndefu ishirini na saba kutoka hapo. Jupita ni kitunguu kidogo, karibu na kibanda cha kinyozi. Neptuni ni punje ya mahindi, na ilitakiwa kukaa hatua mia nane, chini kabisa ya barabara ya murram, pale wakulima wanapopimiwa maziwa asubuhi. Kila sayari ilihitaji mtoto wa kuishika. Kila mtu alitaka Dunia. Neptuni hakuna aliyeitaka, maana ni mbali na huko utakuwa peke yako.

Msichana mmoja akainua mkono. Alikuwa mgeni darasani. Wazazi wake walikuwa wametoka upande wa magharibi kuja kufanya vibarua vya palizi kwenye mashamba ya mahindi, na hakuwa amepata rafiki.

"Mimi nitaenda, teacher."

Nikampa punje yake. Kisha nikawaonya wote kwa ile sauti yangu wanayoiigiza nikigeuka: sayari haitoki mahali pake mpaka nipige filimbi mara tatu. Atakayetoka kabla ya hapo atanitambua.

Mvua ya kwetu haibishi hodi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumejipanga ilipomwagika, na mvua ya mawe juu yake. Wa karibu walipoona wenzao wanakimbia, nao wakakimbia. Mimi nilikumbuka boga. Boga, jamani! Nililikumbatia kifuani nikatimua mbio nalo hadi darasani, filimbi ikiwa mfukoni. Tulijipangusa, tukachekana, nikaanza kukusanya punje zangu. Zebaki akaleta. Zuhura akaleta. Nilipoita Neptuni, hakuna aliyeleta.

Sijui niliikimbiaje ile barabara. Nilimkuta amesimama palepale nilipomweka, sare imemganda mwilini, soksi zimejaa matope. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na paa la mabati la kupimia maziwa, na hakuwa amekwenda kujikinga.

"Wewe, huna akili ya kuona mvua?" nilimfokea.

"Ulisema sayari isitoke, teacher. Nilikuwa naskiza filimbi."

Akafungua kiganja. Punje ilikuwa bado ipo.

Hapo ndipo ningemwomba msamaha. Maneno yenyewe ni mafupi, hayangenigharimu chochote. Lakini nilikuwa nimeogopa, na mimi nikiogopa hutoka hasira, kwa hiyo nilimshika mkono na kumrudisha shuleni. Usiku huo nilijiambia nitamwomba radhi mbele ya darasa zima. Jumatatu nikamwona anakohoa, nikaona haya. Mwalimu mzima, nianzie wapi? Nikasema nitafanya hivyo Ijumaa.

Ijumaa dawati lake lilikuwa tupu. Nilikwenda hadi kwenye chumba walichokuwa wamepanga, nikakuta mlango wazi na sakafu imefagiwa. Mama mwenye nyumba aliniambia palizi imeisha, watu wa vibarua hufuata kazi. Walikuwa wamepanda pikapu ya mahindi asubuhi. Kwenda wapi? Hakuuliza.

Miaka imepita na bado namtafuta. Nikienda mjini huangalia nyuso za wasichana kwenye vibanda na kwenye foleni za benki, nikikadiria angekuwa mkubwa kiasi gani sasa. Nimemkumbuka kuliko wanafunzi walionipa zawadi. Sijawahi tena kumtuma mtoto Neptuni. Huko naenda mwenyewe, na punje yangu, na filimbi namwachia mmoja wao langoni. Nimejua alichokiona: ukisimama pale, boga halionekani kabisa, wala watu. Unabaki na sikio lako tu.

Mwaka huu filimbi ililia mara tatu, nami nikapanda barabara polepole hadi langoni. Nilimwomba aliyekuwa na filimbi anipe. Sikuwa nimepanga. Niligeuka kule nilikotoka, nikapiga mara tatu kwa nguvu zangu zote, hadi kinyozi akatoka nje na mashine mkononi.

"Teacher, si umesharudi?" mtoto aliyeshika Jupita akaniuliza. "Hizo ni za nani?"

"Kuna mwenzenu niliyemwacha huko zamani. Sikumpigia filimbi."

Aliitazama barabara, kisha akaweka kitunguu chake chini, kando ya boga.

"Basi tumngojee kidogo," akasema. "Ni mbali."