Mtu wa Moyo Haambiwi

Moyo wangu ulipoanza kupiga bila mpangilio, mara uruke pigo, mara ukimbie, daktari alinipa vidonge vya kuzuia damu isigande. Alisema nisipovimeza, bonge la damu linaweza kupanda kichwani. Tulirudi nyumbani Tawa na kijana wangu mkubwa, na kufikia jioni habari hiyo ilikuwa imegeuka: mama ana moyo unaotaka kusimama.

Tangu hapo nikawa yai. Kina mama wa kanisa walikuja kukemea roho ya woga, ingawa sikuwa naogopa kitu. Jirani alinikataza kuinua hata sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Hayo niliyavumilia, maana kudekezwa nako kuna raha yake.

Kisha mambo yakaanza kunichanganya. Redio yangu, ile ninayosikilizia matangazo ya vifo kwa Kikamba, ilisemekana imeisha betri, na betri nilikuwa nimetia mpya. Simu yangu ikawa inakaa kwa kijana, eti inachajiwa. Nikiingia jikoni, mazungumzo yanakatika. Jumamosi moja nyumba nzima ilivaa vizuri ikaondoka, nikaachiwa jirani, ambaye hakutaka kunitazama usoni. Nilikaa nikijiuliza nimekosa nini. Dalili ya mvua ni mawingu, nikakata shauri: daktari amewaambia siku zangu zimekwisha, nao wanajipanga. Nilikasirika sana. Kifo ni changu, halafu mimi ndiye niwe wa mwisho kujua?

Siku ya kurudi kliniki nilimuuliza daktari, mbele ya kijana wangu, kama nakufa. Alishangaa. Alisema wengi huishi miaka mingi na moyo kama wangu, mradi wasiache dawa.

"Na akisikia habari mbaya?" kijana akauliza.

"Atalia kama mtu yeyote. Moyo wake hautasimama kwa sababu ameambiwa ukweli."

Kijana aliinamisha kichwa.

"Mwaitu, mama yangu," akasema, "Jumamosi ile tulikuwa Kibwezi. Tulikuwa tunamzika mama mdogo."

Mama mdogo wake ni mdogo wangu, wa tumbo moja, na tulikuwa tumebaki sisi wawili tu.

Daktari aliniwekea kifaa chake kifuani, akasikiliza kwa muda, akasema moyo uko vile vile. Nilimtazama, nisimwelewe. Mdogo wangu yuko chini ya udongo, na moyo wangu uko vile vile?