Nyumbani Tutapita

Kuna watu wakinipa mkono wa salamu natamani nikanawe. Primus ni mmoja wao. Na asije mtu akaniambia nimsamehe kwa kuwa ni Krismasi, maana aliyoyafanya aliyafanya siku za Krismasi.

Lakini sitaki kuanza na yeye. Nataka mumjue kwanza Kornelia, jirani yangu wa hapa Kirua Vunjo. Kihamba chake, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani, na changu vinatenganishwa na mfereji tu, nikikohoa usiku asubuhi ananiuliza nimelalaje. Aliolewa na mdogo wake Primus, kitinda mimba wa nyumba ile, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba pamoja na wazee waliomo. Mume akafa mapema. Akamwachia binti mmoja, Monica, ng'ombe wa ndani mmoja, na mama mkwe, Bibi Hilaria, ambaye macho yalishaingia ukungu. Kahawa nayo ikafa bei miaka ile, wanaume wakawa wanaing'oa na kupanda nyanya. Kornelia hakung'oa wala hakulalamika. Alikata majani ya ng'ombe, akauza ndizi Himo, akamwogesha mama mkwe na kumpikia mtori laini usiohitaji meno. Mimi nina mdomo, yeye hana. Mara nyingine nilimkasirikia kwa upole wake ule, nikamwambia wazi kwamba upole mwingine unalea wajinga. Alicheka tu na kuendelea kumenya ndizi.

Primus ndiye kifungua mimba. Biashara zilipofunguliwa alikuwa Dar, akajipenyeza bandarini kutoa mizigo ya watu, akapata. Simwonei wivu, kapata kwa jasho lake. Alioa huko huko, mwanamke wa Mtwara anayeitwa Stella, wakazaa watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, akapewa jina la babu yake, Martin, mume wa Bibi Hilaria tuliyemzika pale chini ya migomba.

Sasa, kwetu mtoto aliyepewa jina la mzee haachwi hivihivi. Bibi yake humweka mbele ya magoti, akamfungua kifua, akachukua funda la mbege, pombe yetu ya ndizi, na kumpulizia pale kifuani, mbege na mate pamoja, halafu akamtamkia maneno. Hiyo ndiyo baraka, na hutolewa mara moja. Kabla ya hapo mtoto anatembea na jina la kuazima.

Bibi Hilaria alikuwa anaingoja siku hiyo tangu Martin alipozaliwa. "Nikishamtemea mume wangu, Mungu anichukue hata saa ileile," alikuwa anasema, mpaka tukachoka kumsikia. Lakini kila Desemba, gari za watu wa Dar zinapanda mlima, nyumba ya jirani inajaa, nyumba ya huyu inajaa, kwake kimya. Mara mtoto mdogo ana homa, mara wamekwenda Mombasa, mara gari ni bovu. Mtoto akaanza shule, akafika darasa la pili, bibi yake hajamgusa hata kidole.

Mwezi wa nane Primus alikuja kuzika mjomba wake. Baada ya mazishi akakaa kwenye kochi la Kornelia, sahani ya nyama mapajani, akatangaza mipango yake. Nilikuwepo, nilikuwa nasuuza vikombe.

"Mwaka huu nawaleta watoto mlimani," alisema.

Bibi Hilaria akageuza uso kule sauti ilikotoka. Alitabasamu kama msichana.

"Ila tunakuja likizo, mama. Siyo kuja kurundikana tu. Watoto wanataka kuuona mlima." Akaanza kueleza. Watafikia hoteli moja pale Moshi mjini yenye bwawa la kuogelea. Siku moja atawapeleka Marangu kwenye maporomoko. Siku nyingine wapande kutoka getini mpaka kituo cha kwanza, wapige picha, washuke. Kuna Ziwa Chala pia, Stella amelisikia. Krismasi yenyewe watakula hotelini kwa sababu kutakuwa na muziki na michezo ya watoto. Nyama ilikuwa inamjaa mdomoni huku anayataja hayo.

"Na nyumbani, shemeji?" Kornelia akauliza.

"Nyumbani tutapita."

Mtu ambaye kitovu chake kimezikwa chini ya migomba ile anasema atapita, kama bwana mifugo anayekuja kuchanja ng'ombe. Nilikiweka kikombe chini nisije nikakirusha.

"Shida ni choo, shemeji," akaendelea, tena bila kushusha sauti, mama yake anasikia. "Stella hawezi choo cha shimo. Na watoto hawajazoea kuchuchumaa."

"Sawa, shemeji," Kornelia akajibu.

Mngemwona kuanzia wiki ile. Alimwita fundi seremala akamtengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, akakiweka juu ya shimo la choo, akakipiga msasa kwa mkono wake ili mtoto asichomwe na kijiti. Akapaka chokaa chumba cha mbele. Yeye na Monica wakahamia jikoni ili kitanda kikubwa kibaki kwa wageni. Mbuzi mmoja akamfungia ndani, akawa anamlisha majani laini na pumba. Nilipita siku moja nikamkuta juu ya stuli anapigilia pazia.

"Mama Monica, unajichosha bure," nikamwambia. "Amesema hawalali hapa."

"Wakikuta pameandaliwa wataona haya kuondoka."

"Haya? Primus huyu huyu?"

"Mama Fredy, shika huku nyundo," akasema, nami nikashika.

Walikuja siku chache kabla ya Krismasi, karibu na saa sita mchana, gari limepakwa tope mpaka kwenye vioo. Watoto walikuwa wamevaa viatu vyeupe. Primus aliteremka na kamera ya video begani, na jambo la kwanza nililomsikia akisema ni kumwambia dereva asiende mbali kwa sababu hawakai. Hakuuliza mama yuko wapi. Akaanza kupiga picha migomba.

Stella nitamtendea haki. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, hakunipa nafasi. Alipiga goti kwa Bibi Hilaria, akasema shikamoo mama, akambusu mkono. Alikwenda chooni na mtoto mdogo, akarudi akamwambia Kornelia asante kwa kile kiti. Kornelia akainama akaangalia miguu yake kwa furaha.

Bibi Hilaria alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya mlango tangu asubuhi. Alivaa kanga mpya, rozari shingoni. "Nileteeni mume wangu," akasema.

Martin akaletwa. Bibi akampapasa kichwa, paji la uso, masikio, akacheka peke yake. "Masikio ni yaleyale," akasema. Watoto wa jirani walishasogea, na watu wazima kadhaa, kwa maana kila mtu alikuwa anajua siku hii imengojewa kiasi gani. Kornelia akamfungua mtoto vifungo vya shati. Akampa bibi kata ya mbege. Bibi akapiga funda, mashavu yakajaa.

Stella akashtuka. "Primus, mama anafanya nini? Anataka kumfanya nini mtoto?"

Hapo ndipo mwanaume angeongea. Maneno mawili tu yalitosha: ni baraka. Yeye alikuwa amebandika jicho kwenye kamera, na mimi nilimwona vizuri, aliona aibu. Alimwonea aibu mama yake mzazi mbele ya mke wake. Akacheka kicheko chembamba.

"Ah, mambo ya kishamba hayo, atamtemea mate. Mtoe basi kama unaona kinyaa."

Stella akamvuta mtoto.

Bibi Hilaria akabaki mikono imenyooka mbele, anatafuta kifua kisichokuwepo. Hakuweza kusema kitu, mdomo umejaa. Na msiojua mila hii niwaambie: funda lile halitemwi chini, ukilitema chini umelilaani jina. Halimezwi pia, ukilimeza umekwenda nalo kaburini. Mama wa watu akakaa hivyo, mashavu yamevimba, mbege inamchuruzika pembeni ya mdomo na kuingia kwenye kanga mpya. Watu wazima tukaangalia chini. Mimi nami niliona kinyaa, na siyo kwa sababu ya mate. Kilichonitia kinyaa ni yule mwanaume mwenye kamera, aliyelishwa mtori kwa mdomo wa mwanamke huyu huyu, ukatafunwa kwanza ukatiwa kinywani mwake alipokuwa mchanga na mgonjwa, leo anaita mate yake kinyaa.

Kornelia ndiye aliyesogea. Akapiga magoti pale mtoto alipokuwa amesimama, akafungua vifungo vya blauzi yake mwenyewe, akaishika mikono ya mama mkwe na kuiweka kifuani pake. Bibi akamtambua kwa vidole. Alisita kidogo, halafu akapuliza funda lote.

"Jina la Martin likae kwako," akasema, sauti inakwaruza. "Nyumba hii ikae kwako. Utakayempa, apate."

Watu tukaitikia. Primus akashusha kamera. Ghafla akawa Mchagga.

"Mama, na mtoto je?"

"Nimeshatoa."

"Rudia basi. Si mbege tu? Ipo tele."

Si mbege tu. Nilimwangalia mtu yule nikajiuliza tulicheza naye wapi utotoni, maana sikumtambua. Bibi Hilaria akajifuta mdomo kwa pindo la kanga. "Sina nyingine," akasema, akaomba aingizwe ndani.

Waliondoka hata nyama haijaiva. Watoto walikuwa na zamu ya kuogelea. Kornelia aliosha vyombo jioni nzima na blauzi ile ile iliyolowa, nikamwambia akabadilishe, akakataa. Nilimsema Primus mpaka sauti ikanikauka. Nilisema mkataa kwao ni mtumwa, nikasema na mengine ambayo hayaandikiki. Kornelia aliniuliza tu kama nadhani mtoto aliogopa.

Kesho yake asubuhi gari likarudi. Nilikuwa nimewapelekea maziwa, kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu. Stella aliteremka wa kwanza, macho yamevimba, amewashika watoto mikono, na begi kubwa begani. Inaonekana njiani ile jana alimbana mume wake mpaka akaeleza. Primus alikuja nyuma, akasimama mlangoni anachezea funguo.

Stella akapiga magoti mbele ya Bibi Hilaria. "Mama, nisamehe. Sikuambiwa. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia. Ningejua ningemshika mwanangu mwenyewe."

"Sina neno na wewe, mwanangu," Bibi akasema. "Lakini mimi sina kitu tena. Alichokuwa nacho Martin kiko kwa mama Monica. Muombe yeye."

Stella akageuka pale pale kwenye magoti, akamwelekea Kornelia, mke wa shemeji yake aliyebaki shamba, ambaye kila mwaka alikuwa akitumiwa nguo zilizochoka. "Dada," akasema, "naomba umpe mtoto."

Nitasema ukweli, niliomba Mungu akatae. Nilitaka yule wa mlangoni aumie. Nilimtazama Kornelia, nikamkaza macho, nikamwambia kwa macho: kataa.

Kornelia alivikanda vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema mbele ya wageni.

"Simtemei mpita njia. Huyu mtoto hanijui, anaogopa hata mkono wangu. Akae. Ale kwangu, alale kwangu, aende kukata majani na Monica, achafuke. Akishanijua nitampa, na hataogopa."

"Tukae mpaka lini?"

"Mpaka anijue."

Stella akafuta pua kwa kiganja. Akamwinamia Martin, akamfungua kamba za viatu vyeupe, akamvua kimoja, akamvua cha pili. Akavua na vyake. "Tulale wapi, dada?"

"Ndani. Kitanda kipo."

Wakainuka. Monica alishambeba yule mdogo, Martin ameshafika zizini anamchungulia ng'ombe. Ndipo Primus akapata sauti, pale mlangoni, funguo mkononi.

"Lakini hoteli nimeshalipia."

Bibi Hilaria akageuza uso kule sauti ilikotoka, akaunyoosha kama anamwona.

"Basi nenda ukalale," akamwambia.

Akaenda.