Vitabu vya Mtoto Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ndogo ya mtaa huku Eastlands, Mkutubi Mkuu alinikabidhi troli iliyojaa vitabu. "Kila kitabu kina fani moja, na kila fani ina rafu yake," aliniambia. Kazi hiyo tuliiita uainishaji: unasoma kitabu, unaamua ni cha elimu gani, unabandika namba mgongoni.

Kwa miaka mingi nilibandika bila shida. Kisha akaja Mama Kioko, mkaazi wa Tassia, muuza mitumba katika soko la Gikomba. Mwanawe alikuwa na kifafa.

"Mzee, vitabu vya mtoto wangu viko wapi?"

Nikamweleza: ugonjwa uko kwenye tiba, masomo yake, kwenye elimu, na vitabu vya wale wanaosema ni pepo, kwenye dini.

"Lakini mtoto ni mmoja," akasema.

Nilivikusanya vyote kwenye rafu ya dirishani. Nilipovitazama niliona vinafanana kama watoto wa nyumba moja: huyu kachukua pua ya baba, yule macho ya mama, wala hakuna alama moja waliyonayo wote. Kila Jumamosi Mama Kioko aliketi pale, akifuata mistari kwa kidole.

Mkutubi Mkuu aligundua. "Leo kifafa, kesho kila mtu atataka rafu yake. Virudishe." Nikavirudisha. Mama Kioko akawa anazunguka maktaba nzima, begi begani, akiulizauliza.

Jumamosi moja alikuja akiwa na kitabu alichoazima. Mkutubi Mkuu ndiye aliyekipokea.

"Huongezi muda, mama?"

"Kioko alishikwa na kifafa akichota maji, akatumbukia kwenye tangi la ploti tunamopanga. Tulimzika Jumanne."

Mkutubi Mkuu alivuta troli, akapita rafu baada ya rafu, akavikusanya vile vitabu mwenyewe na kuvipanga dirishani. Hakuna aliyevihamisha tena.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Lucky Summer, na vijana walioshika kazi yangu huniuliza elimu hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Sijui. Naona mipaka tuliichora sisi ili tupate kufanya kazi, na watu wakaumia humo katikati.

Juzi nilipita maktabani. Mama Kioko alikuwa dirishani, akimwonyesha mama mmoja kijana ukurasa.

"Na wako anaendelea aje?" yule mama kijana akamuuliza.

Mama Kioko alikifunga kitabu polepole.

"Angekuwa kidato cha pili," akasema.